Barua Zisizotumwa: Chumba cha Mgeni katika Maandishi ya Waswahili

Katika riwaya ya Abdulrazak Gurnah iitwayo Gravel Heart, iliyotoka mwaka 2017, yumo kijana wa Unguja, jina lake Salim, anayechukuliwa na mjomba wake, ofisa wa ubalozi, kwenda London kusoma biashara. Biashara si mapenzi yake. Ni mapenzi ya mjomba, naye Salim hana la kusema kwa kuwa nauli si yake, na kitanda anacholalia si chake. Anapofika, jambo zito linalomkabili si masomo. Ni barua. Mamaye, Saida, yuko nyumbani akingoja kusikia kwamba mwanawe amefika salama, na Salim anakaa kitako kumwandikia. Hapo ndipo Gurnah anapotia kidole penye kidonda, kwani kijana huyu ana barua za namna mbili. Za kwanza hutiwa stempu zikaenda zake. Za pili hubaki daftarini, na humo ndimo mlimo baridi, woga, uchungu na maswali ambayo mwana hawezi kumwuliza mamaye usoni.

Msomaji wa Kiingereza huenda akaiona hila hiyo kuwa ni mbinu ya usimulizi tu. Msomaji wa Kiswahili anaijua kabla ya kukifungua kitabu. Barua ya Kiswahili ina adabu yake. Huanza kwa salamu, nyingi zisizo na idadi; zikafuata habari za uzima, kwamba mwandishi hajambo na wasiwasi wake wote ni juu ya hao aliowaacha; kisha dua; kisha majina ya wa kusalimiwa mmoja mmoja, wakubwa kwa wadogo, asije mtu akasahauliwa akanuna. Nafasi inayosalia chini ya ukurasa ni ndogo, na aghalabu ni ya haja moja. Hamna mahali katika umbo hilo pa kuuweka usiku wa kwanza. Mtu aliyefundishwa tangu utotoni kwamba jibu la "hujambo" ni "sijambo", hata akiwa na homa, ataanzaje barua kwa kusema kwamba ana jambo? Habari huwa njema kwanza. Ubaya, ukiwapo, hufuata nyuma, baada ya neno "ila". Katika barua za ughaibuni hilo "ila" haliandikwi.

Adabu hiyo si ya pwani peke yake. Ubaruku, mji wa mpunga katika wilaya ya Mbarali, mkoani Mbeya, ambako bahari hujulikana kwa habari tu, mzazi anayeuza magunia yake ili mtoto asome mbali hupokea maneno yaleyale, ingawa siku hizi barua imekuwa ujumbe wa simu: nimefika, ni mzima, msiwe na wasiwasi. Ubaruku itarejewa baadaye, kwa sababu hoja ya makala haya haikamiliki bila yake. Hoja yenyewe ni kwamba fasihi ya Waswahili imejaa safari, lakini ina uhaba mkubwa wa kufika. Njia imesimuliwa, tena kwa ufundi. Chumba, kile chumba cha usiku wa kwanza ambamo mlango umefungwa na mwenyeji amekwenda zake, kimeachiwa lugha za watu wengine.

Wa mwanzo kukiandika chumba hicho hakuwa mwanafunzi. Sayyida Salme binti Said, aliyezaliwa mwaka 1844, aliondoka Unguja mwaka 1866, na mwaka uliofuata akafika Hamburg akiwa mke wa mfanyabiashara wa Kijerumani, Heinrich Ruete. Hakwenda kusoma, lakini hapana mwanafunzi aliyesomeshwa kwa ukali kuliko yeye: lugha, mavazi, chakula, namna ya kukaa, hata namna ya kunyamaza. Mwaka 1870 mumewe akafa kwa ajali ya tramu, akabaki na watoto wadogo katika nchi ya mumewe. Kitabu chake cha kumbukumbu, kilichotoka kwa Kijerumani mwaka 1886, ndicho kinachojulikana na kila mtu anayepita Beit al-Sahel akasoma vibao. Ni kitabu cha mtu aliyesimama wima. Anawaeleza Wajerumani kuhusu Unguja, anawakosoa, anaitetea heshima ya kwao. Anazungumza na wenyeji wake kama mtu mwenye hoja, wala hawaoneshi machozi.

Lakini Salme aliandika pia maandishi mengine, Briefe nach der Heimat, yaani barua za kwenda nyumbani. Zinamwelekea rafiki wa kike aliyeko Unguja, asiyetajwa jina. Humo mna nyumba ambazo milango yake hufungwa mchana kweupe, giza la majira ya baridi, upweke wa mtu aliyezungukwa na watu. Yule mwanamke aliyesimama wima katika kitabu cha kwanza hapa ameketi. Barua hizo hazikutumwa. Wala hazikuchapishwa katika uhai wake. Salme alifariki mwaka 1924, nazo zikaonekana kwa tafsiri ya Kiingereza mwaka 1993. Ziliandikwa kwa Kijerumani, na yumkini huyo rafiki wa Unguja, hata angeletewa mkononi, asingeziweza. Hivyo barua ya kweli ya mwanzo ya Mzanzibari kutoka ugenini ni barua isiyotumwa, katika lugha isiyosomeka na yule aliyeandikiwa.

Takriban karne moja na nusu baadaye Salim wa Gurnah anafanya vilevile. Kama Gurnah alimsoma Salme au hakumsoma ni suala la wanahistoria wa fasihi, na halibadilishi kitu. Umbo limewafikia wote wawili kwa njia moja, kwa sababu wote wawili walikuwa na wa kumwandikia na hawakuwa na namna ya kumwambia. Gurnah mwenyewe alikuwa amelizunguka umbo hilo kwa muda mrefu. Daud, katika Pilgrims Way ya mwaka 1988, aliyekwenda Uingereza kusoma akaishia kufanya kazi za chini hospitalini, hutunga barua kichwani mwake. Msimulizi wa Admiring Silence, ya mwaka 1996, huwatungia wakwe zake wa Kiingereza hadithi za uongo kuhusu kwao, na huku kwao huwaficha kuwa anaishi na mwanamke wa Kiingereza. Lakini ni katika Gravel Heart ambamo barua mbili zimewekwa sambamba, msomaji akapewa nafasi ya kuona kilichokatwa. Kwa jambo hilo peke yake riwaya hiyo inastahili kuwekwa juu ya nyingine zake kadhaa zilizosifiwa zaidi, ijapokuwa sehemu yake ya mwisho, baba anaposimulia usiku kucha, imeelemewa na urefu.

Je, Kiswahili chenyewe kilikuwa wapi? Kilikuwapo mapema, tena Berlin hasa. Seminari ya Lugha za Mashariki ilifunguliwa huko mwaka 1887, na mwaka 1891 Amur bin Nasur alifika kutoka Unguja kusomesha Kiswahili. Aliandika kwa lugha yake habari za safari na za mji ule, na C. G. Büttner akazichapisha mwaka 1894 katika mkusanyo wa maandishi ya Kiswahili. Ni maandishi ya thamani, na inasikitisha kwamba hayasomeshwi katika skuli zetu. Lakini yafaa kuuliza yaliandikiwa nani. Yalitoka Berlin, yakaambatana na tafsiri ya Kijerumani, yakawa ya kuwafaa wanafunzi wa Kijerumani waliokuwa wakijiandaa kwa kazi za koloni. Msomaji wake wa kwanza hakuwa mamaye wala jamaa zake wa Unguja. Mtu anayeandika habari za nyumba ya mwenyeji, kwa amri ya mwenyeji, ili mwenyeji ajifunzie lugha, hawezi kuandika kila kitu.

Kisa cha Mtoro bin Mwinyi Bakari ni kigumu zaidi. Mtu huyu wa Bagamoyo alifika Berlin mwaka 1900, naye pia kusomesha. Kazi iliyoliweka jina lake ni Desturi za Wasuaheli, iliyohaririwa na Carl Velten ikatoka mwaka 1903: uzazi, jando, harusi, maziko, ngoma, yote ya pwani. Alioa mwanamke wa Kijerumani, akajaribu kurudi naye mwaka 1905. Serikali ya koloni ikawazuia kushuka pamoja Dar es Salaam, na umri wake uliobaki akaumalizia Ujerumani. Mtu kama huyo alikuwa na mengi ya kusema juu ya kufika. Akaulizwa juu ya jando. Wahariri wake walitaka desturi za Waswahili, si desturi za Wajerumani zilivyoonekana na Mswahili aliyekaa nao meza moja.

Miongo mitatu baadaye Martin Kayamba, aliyekwenda London mwaka 1931 kutoa ushahidi mbele ya kamati ya Bunge, alichapisha Tulivyoona na Tulivyofanya Ingereza. Yatosha kuliangalia jina. Nafsi ni ya wingi, na vitenzi ni viwili, kuona na kufanya. Ni jina la ripoti ya ujumbe, na ripoti ilikuwa ndiyo haja ya wakati ule. Nyerere, aliyesoma Edinburgh tangu 1949 hadi 1952, hakuandika kumbukumbu za maisha yake kabisa. Alichokirudisha kutoka huko Waswahili walikipata kwa sura nyingine, alipomvika Shakespeare kanzu ya Kiswahili katika Juliasi Kaizari ya mwaka 1963 na Mabepari wa Venisi ya mwaka 1969. Ni zawadi kubwa, na ni zawadi ya mtu aliyeamua kwamba cha kuwapa watu wake ni alichokisoma, si alivyolala.

Hapa mpenzi wa riwaya atanyosha mkono amtaje Adam Shafi, na atakuwa na haki. Mbali na Nyumbani, iliyochapishwa mwaka 2013, ndilo jibu zito kuliko yote ambalo Kiswahili kimelitoa. Ni riwaya ya kitawasifu ya kijana anayeihama Unguja akiwa na azma ya kusoma Ulaya, akaipasua Afrika Mashariki, Sudan na Misri kwa njia zote zinazopatikana. Hapana katika lugha yetu aliyeisimulia njia kama Shafi. Vumbi lake lina ladha. Vichekesho vyake ni vya mtu aliyelala njaa kweli, akajifunza kumcheka yule kijana aliyekuwa yeye. Hata hivyo uzito wa kitabu upo njiani, na kimeandikwa nusu karne baada ya safari, na mwandishi aliyekwisha kuheshimika. Woga umekwisha kukauka, umekuwa hadithi. Mzee huweza kuwasimulia wajukuu habari ya njaa yake ya ujanani, kwa sababu ilikwisha na kila mtu anaona kwamba ilikwisha. Kijana mwenye njaa leo hana msikilizaji wa namna hiyo.

Kwa hiyo mtu anayetaka kukiona chumba chenyewe, na hasa chumba cha mwanafunzi, analazimika kumrudia Gurnah, safari hii katika By the Sea ya mwaka 2001. Wahakiki wengi humshughulikia Saleh Omar, mzee anayefika uwanja wa ndege wa Gatwick akijifanya hajui Kiingereza, akanyang'anywa kijaluba chake cha udi na ofisa wa uhamiaji. Tukio hilo ni zuri na limekwisha kusifiwa vya kutosha. Lililopitwa ni la Latif Mahmud, aliyepelekwa Ujerumani ya Mashariki miaka ya 1960 kusomea udaktari wa meno. Wasomaji wa Unguja waliokulia karibu na majumba ya Kikwajuni wanajua urafiki ule ulikuwa nini: Ujerumani ile ilileta wahandisi na majumba, ikachukua vijana kwenda kusoma. Latif anafika katika bweni la wageni, anapewa chumba pamoja na kijana wa Guinea, na Ulaya anayoikuta haifanani na ile ya picha. Ni Ulaya yenye uhaba, iliyochoka, inayowatazama wageni wake kwa jicho la pembeni huku ikiwaita ndugu.

Latif alikuwa na rafiki wa kalamu huko, msichana aitwaye Elleke, waliyekuwa wakiandikiana tangu yuko Unguja. Anakwenda kumtafuta Dresden. Anayempokea ni mwanamume, Jan, anayeishi na mamaye. Barua zote za Elleke aliziandika yeye. Wahakiki wamelichukulia jambo hili kama mzaha wa njama, na wengine wameliona kuwa halisadikiki. Lakini lina maana ya ndani sana. Mtoto wa ng'ambo huwaandikia wa kwao uongo wa heshima. Kumbe Ulaya nayo ilikuwa imemwandikia yeye uongo wake mapema, kwa jina la msichana. Kijana alifunga safari kwa kuamini barua. Gurnah hamfanyi Jan kuwa mwovu. Anamfanya mtu mpweke aliyetaka kuandikiana na mahali penye jua, na mamaye ana kumbukumbu zake mwenyewe za Kenya. Chumba cha mgeni, kwa muda mfupi, kinakuwa chumba cha watu watatu wasiokuwa na kwao.

Sasa Ubaruku. Imo katika nyanda za Usangu. Msafiri wa barabara kuu itokayo Dar es Salaam kwenda Mbeya huiacha barabara hiyo Igawa, akapita Rujewa yaliko makao makuu ya wilaya, kisha akaukuta mji uliozungukwa na majaruba na mifereji, wenye mashine za kukoboa mpunga na malori yanayosubiri mzigo. Mchele wa Mbeya unaosifiwa katika masoko ya mbali hutoka, pamoja na kwingineko, huko. Mtu wa visiwani akiusikia mji huo humjia wazo kwamba amefika bara la ndani, kusikomhusu. Atashangaa. Kilimo cha mpunga wa kumwagilia katika nyanda zile kilianzishwa kwa sehemu kubwa na Wabulushi, ambao wengi wa wazee wao waliingia Afrika Mashariki kwa mlango wa pwani, katika utumishi wa masultani wa Unguja au nyuma ya misafara ya biashara. Miaka ya 1970 wakaja Wachina wakajenga shamba la taifa la mpunga la Mbarali, na reli ya TAZARA, iliyojengwa tangu 1970 hadi 1975, ikakatiza Usangu. Kwa ajili ya reli hiyo vijana 200 hivi wa Tanzania na Zambia walipelekwa Beijing mwaka 1972 kusomea kazi za reli. Walifika katika nchi iliyokuwa katikati ya Mapinduzi ya Utamaduni, wakajifunza lugha wasiyowahi kuisikia, wakaishi humo miaka mitatu. Vijana hao hawakuingia katika riwaya zinazosomwa skulini. Aliyeingia fasihini ni mwanafunzi wa meno wa Kizanzibari, na kwa Kiingereza.

Ukiitazama kutoka Ubaruku, fasihi ya kufika ina kasoro mbili ambazo kutoka Forodhani hazionekani. Ya kwanza ni bahari. Wageni wote wa Gurnah wanakwenda na bahari ndani ya sanduku: udi, pepo za msimu, harufu ya bandari. Kwa msomaji wa Usangu bahari yenyewe ni ughaibuni. Mtoto wa huko anahama mara ya kwanza akiwa na tranka la bati, akipelekwa skuli ya bweni mikoa ya mbali, na huko bwenini ndiko anakojifunza kuandika ile barua ya kwanza ya "sijambo" akiwa na njaa. Akija kupata nafasi ya masomo China au India, amekwisha kuhitimu katika fani hiyo. Salim anaigundua barua ya uongo London. Mtoto wa Ubaruku anaifahamu tangu kidato cha kwanza. Hapana riwaya iliyomfuata mtoto huyo kwa makini tangu bwenini mpaka ng'ambo, na lawama hiyo hawezi kutwishwa Gurnah, aliyeandika ya kwao.

Historia nayo haikuwapa watu wa nyanda zile njia ileile ya pwani. Mwaka 1891, Amur bin Nasur akiwa Berlin na wanafunzi wake, Wahehe waliwashinda Wajerumani Lugalo, karibu na Iringa. Kilichokwenda Ujerumani kutoka Nyanda za Juu za Kusini, kikakaa humo zaidi ya miaka hamsini, kilikuwa fuvu. Mwaka 1954 likarudishwa Kalenga likiaminiwa kuwa la Mtwa Mkwawa. Pwani ilimpeleka mwalimu. Tofauti hiyo si ndogo kwa mtu anayetaka kuelewa kwa nini upande mmoja wa nchi una barua, hata kama hazikutumwa, na upande mwingine hauna.

Kasoro ya pili ina faida kubwa kwa mwandishi atakayejitokeza. Ubaruku inajua kufika kwa upande wa mwenyeji. Wabulushi walifikia hapo. Wachina waliishi hapo, katika kambi zao, wakila chakula chao na kusema lugha yao, wakati wa shamba na wakati wa reli. Nao walikuwa na mama zao. Nao, bila shaka, waliandika barua, na yumkini barua hizo zilisema kwamba wao ni wazima na kazi inakwenda vizuri. Chumba cha mgeni kilikuwapo Ubaruku kabla ya mtoto wa Ubaruku kukikuta kwingine. Kwa miaka mingi kila mtu alipita nje ya dirisha lake. Gurnah, pamoja na ustadi wake wote, humwandika mgeni akiwa ndani na mwenyeji akiwa nje. Mtu aliyekuwa nje kwanza, kisha akawa ndani, angeandika kitabu cha namna nyingine. Methali ya mgeni kupewa jembe siku ya tatu hutajwa pwani kwa kicheko. Penye jaruba la kulimwa hutajwa kwa maana yake.

Huenda ikadhaniwa kwamba tatizo ni lugha: kwamba Kiswahili, kwa adabu yake na kwa mizani yake, hakina sauti ya mtu aliyefungiwa peke yake. Ushairi unakanusha. Abdilatif Abdalla aliitunga Sauti ya Dhiki gerezani Kenya kati ya 1969 na 1972, akaandika juu ya karatasi za chooni, na diwani ilipotoka mwaka 1973 hapana aliyesema kwamba bahari za ushairi wa Kiswahili ni ndogo mno kuchukua chumba chenye ukuta nne. Zilikichukua, vina kwa vina. Basi kwa nini mfungwa akalia na mwanafunzi asilie? Kwa sababu mfungwa ametiwa ndani na adui. Mwanafunzi ametiwa ndani na wanaompenda. Walimchangia nauli, wakauza walichouza, wakamsindikiza mpaka stendi, wakamwombea dua. Kila anachokilalamikia kimelipiwa. Mfungwa hana deni, na asiye na deni ana ulimi. Mjomba Amir wa Gravel Heart analijua hilo vizuri kuliko wote, na kila ugomvi wake na Salim unarudi kwenye hesabu ya alichompa. Washairi wetu, ambao wameandika sana juu ya dhuluma, hawajaandika vya kutosha juu ya fadhila, ambayo hufunga mdomo kwa nguvu zaidi.

Na wa nyumbani nao wana daftari lao. Hilo ndilo pigo la mwisho la riwaya ya Gurnah. Miaka yote Salim anapoficha hali yake, barua za mamaye nazo zinamficha jambo kuu la maisha yake mwenyewe: alichokitoa kwa mtu wa serikali ili kumwokoa nduguye, huyuhuyu Amir, na sababu ya mumewe kuondoka nyumbani. Mama na mwana wanaandikiana kwa upendo mtupu, na hapana hata mmoja wao anayesema kitu. Saida anakufa kabla hawajasema. Salim anaporudi Unguja anayebaki kumsimulia ni baba.

Lugha ambayo mama huyo angeisoma inazirejelea kazi hizi polepole. Mwaka 2022, mwaka mmoja baada ya Gurnah kupewa Tuzo ya Nobel, Paradise ilitoka kwa Kiswahili ikiitwa Peponi, kwa kalamu ya Ida Hadjivayanis, na wasomaji wengi wa visiwani walishangaa jinsi mazungumzo ya kitabu kile yalivyorudi mahali pake kana kwamba hayakuwahi kutoka. Gravel Heart itakuwa na ugumu mwingine. Salim anapoondoka katika nyumba ya mjomba anapata hifadhi Camberwell, katika nyumba wanamopanga Waafrika wa kila nchi, inayoitwa kwa utani Nyumba ya OAU. Mwenye nyumba ni mzee mkarimu, na jina lake ni Mgeni. Kwa msomaji wa Kiingereza hilo ni jina tu, kama majina mengine. Msomaji wa Unguja, na wa Ubaruku, hulisoma akatabasamu, kwa kuwa anayewapokea wageni wote ndiye Mgeni, na amekaa London miaka na miaka bila jina kumtoka. Mwandishi amelificha neno moja la Kiswahili katikati ya Kiingereza, kama mtu anayeandika barua mbele ya watu akijua nani ataielewa. Mfasiri atakapolifikia hatakuwa na la kulifanya. Atalinakili herufi kwa herufi, nalo halitakuwa siri tena.